UZI: Likizo na watoto wadogo Cape, tulianza mashamba ya mvinyo halafu pwani (Stellenbosch, Franschhoek, False Bay, Hermanus)

MamaTwiga_Dar

Habari zenu wakuu. Kila mtu akiuliza humu kuhusu Cape Town, Afrika Kusini, na watoto anajibiwa Table Mountain, Waterfront, basi, uzi unaishia hapo. Mimi naleta mrejesho wa aina nyingine kidogo. Tumetoka huko mwezi Machi, mimi, mzee wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano na mdogo miwili na nusu, na mjini hatukulala kabisa. Nusu ya kwanza tumelala shambani nje kidogo ya Stellenbosch, nusu ya pili pwani, tukaanza Fish Hoek upande wa ghuba ya False Bay tukamalizia Hermanus.

Ntasema hoja yangu mapema ili asiye na muda aondoke nayo: ukiwa na watoto chini ya miaka saba, mashamba ya mvinyo ndio sehemu rahisi kuliko zote pale Cape, hata kama wewe mwenyewe hunywi. Watu wanadhani kule ni kwa wapenzi waliooana juzi na wazungu wastaafu. Hapana. Yale mashamba ni mengi, yanagombania wateja wale wale, na wenye mashamba wameshaelewa kwamba mzazi akikaa saa tatu kwa utulivu ataagiza chakula na atabeba na maboksi ya kwenda nayo, kwahiyo wamemtengenezea mtoto mazingira. Nyasi zimekatwa, mabembea yapo, vyoo visafi vyenye sehemu ya kubadilishia nepi, maji ya bomba yanayonyweka, na wewe umekaa mezani unamuona mtoto wako mita ishirini mbele. Hebu nitajieni sehemu ngapi mlizoenda na watoto mkakaa chini mkala chakula kikiwa bado cha moto.

Halafu ni karibu. Uwanja wa ndege wa Cape Town uko upande huo huo wa Stellenbosch, hamna haja ya kuingia mjini, nusu saa au arobaini dakika mmeshafika, na hilo ukiwa na watoto waliotoka kubadilisha ndege Johannesburg ni kitu kikubwa sana. Wanaendesha kushoto kama kwetu.

Sasa mashamba yenyewe. La kwanza kabisa mpelekeni mtoto Vergenoegd, liko upande wa Faure kabla hujafika Stellenbosch. Pale kuna bata, sio bata mmoja wawili, mamia kwa mamia, aina ya wale bata wembamba wanaosimama wima na hawaruki wanakimbia tu. Kazi yao ni kula konokono kwenye mizabibu ili shamba lisipige sumu. Kuna muda maalum wanatolewa bandani wanapita mbele ya watu kundi zima, unasikia kwanza miguu, tap tap tap nyingi kwa pamoja, halafu kelele, halafu wanatokea kwenye kona wote wameelekeza shingo mbele. Mdogo wangu alishika mguu wangu akanyamaza kimya mpaka bata wa mwisho alipopita, halafu akasema "tena". Tulikaa tukasubiri mzunguko mwingine na hakuna aliyetufukuza.

Fairview ya Paarl wao wana mbuzi na mnara wa mbuzi, mnara kweli wa matofali una ngazi za kuzunguka kwa nje na mbuzi wanapanda na kushuka wanavyotaka. Wanatengeneza jibini hapo hapo, watoto wanaonja jibini wakati nyie mnaonja yenu. Babylonstoren ni bustani kubwa sana ya matunda, mboga na dawa, karibu kila mmea pale unaliwa au unatibu, kuna punda na kuku, ila pale kuna kiingilio na inabidi mfanye buking mapema. Boschendal nzuri kwa kutandika mkeka chini ya miti. Spier ina nyasi za kukimbilia mpaka wachoke wenyewe. Kama una mtoto wa kiume anayependa magari (au wa kike, wangu wa kike ndio mwenye wazimu wa magari) basi Franschhoek kuna makumbusho ya magari ya zamani kwenye shamba la L'Ormarins, nenda asubuhi.

Franschhoek pia kuna tramu inayozungusha watu mashambani, unashuka shamba hili unapanda linalofuata. Hiyo ndio siku wazazi wote wawili mnaweza kuonja, maana sheria ya kule kwa dereva, pombe isifike gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na wanasimamisha watu. Siku nyingine tulipeana zamu, mmoja anaonja mwingine anashika usukani. Watoto hawaonji, kuonja ni kuanzia miaka 18, lakini mashamba kadhaa yanawaletea juisi ya zabibu kwenye vikombe vidogo vidogo vya aina tofauti, nao wanajadili ipi tamu.

Machi ni msimu wa mavuno. Trekta linapita alfajiri na matela ya zabibu, ukikaribia ghala unasikia ile harufu ya zabibu zinazochacha. Mzee mmoja wa shambani alimpa mkubwa wangu kishada, zile zabibu za mvinyo ni ndogo, ngozi ngumu, mbegu kibao, ila utamu wake hauna mfano, za supamaketi hazigusi hapo. Alikula zote akatema mbegu njia nzima.

Nachoka kuandika, ya pwani nakuja nayo chini.

Mgogo_Asilia

Dada hongera kwa uzi, nimeusoma wote. Mimi ni mtu wa Dodoma na hili jambo linaniuma kwa namna yake. Sisi huku mizabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, wenzetu wa Cape mara moja tu, na SGR sasa hivi Dar mpaka Dodoma mtu anakuja na watoto anarudi. Lakini nikipata mgeni mwenye familia nikampeleka upande wa Hombolo au Mpunguzi tunaangalia mizabibu, tunanunua chupa, tunaondoka, maana pa kukaa na watoto sijapaona. Nauliza kwa nia njema, ni kitu gani hasa kile ambacho mkulima wa kawaida wa huku angeweza kuanza nacho bila kuwa na mtaji wa mabilioni?

MamaTwiga_Dar

Mgogo_Asilia swali zuri sana na nilikuwa nalifikiria muda wote nikiwa kule. Kiukweli bata na mbuzi sio mabilioni. Ningekuwa mkulima wa Hombolo ningeanza na kivuli, choo kisafi, bembea mbili za matairi, juisi ya zabibu ya baridi kwa watoto na saa za kufungua zilizoandikwa getini zikaheshimiwa. Na mtu wa kuwatembeza wageni mashambani awaeleze mzabibu unakatwaje na unachipuaje, hiyo stori tu watu wanalipia kule. Mvinyo mtauza wenyewe mtashangaa.

Binti_wa_Malindi

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, uzi mzuri ila naomba kuuliza na msinichukulie vibaya. Sisi Waislamu tukienda kwenye mashamba hayo tunafanya nini hasa, na chakula je, watoto watakula nini? Mume wangu nimemuonesha bata amecheka akasema twende, lakini neno mvinyo likamrudisha nyuma.

Abuu_Salma_CPT

Waalaykum salaam dada. Mimi nafanya kazi huku Cape Town mwaka wa kadhaa sasa, ngoja nikusaidie. Kwanza mji huu una Waislamu wengi wa miaka na miaka, msikiti wa Auwal pale mtaa wa Bo-Kaap ni wa 1794, kwahiyo chakula halali kwa mjini na vitongoji vyake sio shida kabisa, angalia alama ya halaal dukani au mlangoni, wengi wanathibitishwa na MJC, baraza la Waislamu la huku. Hata supamaketi kubwa zina nyama za halali. Mashambani ndio uwe makini, jikoni kwao mara nyingi kuna nguruwe na mvinyo unaingia kwenye mchuzi, usione aibu kuuliza. Familia nyingi za huku zinafanya hivi: wanaingia kwa ajili ya bustani na wanyama, na kula wanakula nje, mkeka na chakula walichobeba kwenye fukwe au hifadhi zinazoruhusu. Mashamba mengi hayataki uingie na chakula chako.

Na kuna kitu kimoja mleta uzi hakukitaja pengine hakujua. Karibu kabisa na hilo shamba la bata, Macassar, ndipo lilipo kaburi la Sheikh Yusuf. Alikuwa mwanachuoni kutoka Makassar ya Indonesia, Waholanzi walimpiga vita wakamleta huku uhamishoni 1694, wakamuweka mbali na mji ili asiwafikie watu, na watu wakamfuata huko huko, watumwa waliotoroka na wengineo. Alifariki 1699. Kaburi liko juu ya kilima, pametulia, asubuhi mnaanza pale mnamzuru, mnawasomea watoto Fatiha, halafu mnaenda kuona bata. Mwambie bwana mkubwa huo ndio mpango.

Binti_wa_Malindi

Abuu Salma Allah akulipe kheri. Hili la Sheikh Yusuf limemaliza kesi nyumbani.

MamaTwiga_Dar

Abuu_Salma_CPT asante sana, tulipita Faure hapo kwenda na kurudi, ningejua tungesimama. Nikirudi naanzia pale.

Mwalimu_wa_Zamu

Na mimi niongezee kwa upande huo huo. Ukiwa unatembea kwenye hayo mashamba mazuri yenye majumba meupe usisahau nani kayajenga. Watumwa walianza kushushwa Cape kwa wingi 1658, walitoka Angola, Madagascar, India, visiwa vya Indonesia, na baadaye wengi kutoka pwani ya Msumbiji, yaani ndugu zetu wa ukanda huu huu wa mashariki. Utumwa ulifutwa 1834 lakini wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana zao miaka minne zaidi mpaka 1838. Na hata baada ya hapo, kwa vizazi na vizazi, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, dop wanaiita, na madhara yake kwa familia za huko yanaonekana mpaka leo, watoto wanazaliwa na athari za pombe aliyokunywa mama. Mleta uzi mliwaelezaje watoto au mliacha?

MamaTwiga_Dar

Mwalimu hatukuacha, na ninashukuru umelileta. Wa miaka mitano anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Kati ya Stellenbosch na Franschhoek kwenye ile barabara ya mlimani kuna kijiji kinaitwa Pniel, kilianzishwa 1843 na watu waliotoka utumwani, wakapewa ardhi wakajenga kanisa na nyumba zao. Tulisimama pale. Nikamwambia mkubwa watu hawa walifanyishwa kazi kwenye yale mashamba bila kulipwa, hawakuruhusiwa kuondoka, halafu siku moja wakawa huru wakaja kujenga hapa. Akaniuliza, walichukua watoto wao? Nikamwambia wengine walikuwa nao wengine walishauzwa mbali. Alikaa kimya kwenye gari muda mrefu.

Na ukitoka Franschhoek kuelekea Paarl unapita kwenye lile gereza alilotoka Mandela kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, zamani likiitwa Victor Verster, sanamu yake imesimama getini ngumi juu. Ni dakika kumi tu za kusimama, na mtoto anaelewa kwa urahisi, mtu alikuwa amefungwa hapa na akatoka kwa mlango huu. Kwangu mimi hizo simamasimama mbili zilikuwa na uzito kuliko kuonja kokote.

Sasa pwani kama nilivyoahidi.

Watu wengi wanakwenda Camps Bay na Clifton kwasababu picha ni nzuri. Na watoto wadogo achana nako. Ile ni Atlantiki, maji digrii 10 mpaka 15, mtoto aliyezoea Kigamboni anaingiza vidole anatoka analia. Nendeni False Bay, yaani Muizenberg, St James, Fish Hoek, Simon's Town, huko kiangazi maji yanafika digrii 20 hivi. Hayafanani na ya kwetu lakini wanaingia. Sisi tulichagua Fish Hoek maana ufukwe ni tambarare, mawimbi madogo, na asubuhi unakuta bibi na babu wa pale wanaogelea. St James kuna bwawa la mawe linalojazwa na bahari yenyewe na vile vibanda vya rangi rangi mnavyoviona kwenye picha, kwa mtoto wa miaka miwili hilo bwawa ndio salama zaidi.

Kuhusu papa maana najua mtauliza. Muizenberg na Fish Hoek kuna watu wanakaa mlimani na darubini kazi yao kuangalia papa, na ufukweni wanapandisha bendera. Kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna kitu. Nyeusi maana yake maji hayaonekani vizuri. Nyekundu tahadhari. Nyeupe yenye picha ya papa na king'ora kikilia kila mtu anatoka majini hapo hapo. Mkubwa wangu aliikariri ikawa kazi yake ya kila asubuhi kututangazia rangi.

Simon's Town kuna pengwini pale Boulders. Wanabweka kama punda kabisa na wananuka samaki, watoto wanapenda vyote viwili. Mnapita kwenye njia ya mbao mnawaona chini yenu mita moja tu, Machi wengine walikuwa wameanza kulalia mayai. Wakati wa kuondoka inamisha kichwa uangalie chini ya gari, kuna mabango kabisa yanasema hivyo, pengwini wanajificha kivulini chini ya magari. Waelezeni watoto pia kwamba hawa ndege wako hatarini sana, Oktoba 2024 waliwekwa kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, jozi zinazozaliana hazifiki 10,000, na sababu kubwa ni samaki wao wadogo wanaokwisha baharini. Machi 2025 mahakama ikaweka maeneo sita ya kutovua hao samaki kwa meli kubwa kwa miaka kumi. Watanzania bebeni pasi zenu getini, hifadhi za taifa za kule zina bei ya watu wa SADC.

Kwenda Hermanus tulipita barabara ya pembeni ya bahari kutokea Gordon's Bay, mlima kushoto bahari kulia, kona nyingi mno, mdogo alitapika lakini ningeipita tena. Katikati hapo Betty's Bay kuna pengwini wengine, Stony Point, watu wachache na bei ndogo kuliko Boulders, mkiwa na bajeti ya kubana chagueni hii. Hermanus yenyewe ina njia ya miguu juu ya miamba kilomita nyingi, mnatembea kipande tu, na pimbi wamejaa wanaota jua hawana habari na mtu. Machi hakuna nyangumi. Juu ya mji kuna bonde la Hemel-en-Aarde lenye mashamba ya mvinyo tena, kwahiyo asubuhi ufukweni mchana shambani, ndio maana nasema hizi sehemu mbili zinaungana vizuri.

Wanjiru_na_Watoto

Hi wapendwa, Mkenya hapa. Nimependa hii story sana lakini wangu wako shule, holidays ni April, August na December. Gani afadhali? Na hiyo mambo ya visa ikoje?

Abuu_Salma_CPT

Wanjiru visa Wakenya hamhitaji tangu Januari 2023, mpaka siku 90 kwa mwaka, na Watanzania nao hawahitaji. Nyie mtokao Kenya kadi ya homa ya manjano ni lazima, kila mtu kuanzia umri wa mwaka mmoja, usiiache nyumbani maana wanaangalia kweli.

Miezi: Agosti ni baridi na mvua, Cape mvua inanyesha Juni mpaka Agosti tofauti na Johannesburg, lakini nyangumi wapo Hermanus na mnawaona kutoka nchi kavu bila boti. Desemba jua kali, mchana mrefu, saa mbili usiku bado kweupe, ila shule za huku nazo zimefungwa, bei ziko juu na upepo wa kusini mashariki unavuma mpaka mchanga unawachoma watoto miguu. Wa shule ningesema Aprili, zabibu za mwisho mwisho, upepo umetulia, majani ya mizabibu yanageuka mekundu.

Wanjiru_na_Watoto

Asante sana kaka. April basi. Sasa swali la mwisho, mimi ni single mother, nasikia wanasumbua airport.

MamaTwiga_Dar

Wanjiru mpenzi, sheria ya vyeti vya watoto ilianza 2015 ikiwa kali sana, 2019 wakailegeza, lakini wewe beba tu. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto chenye majina ya wazazi, na kama baba yupo kwenye cheti basi barua yake ya ridhaa iliyoapiwa kwa wakili pamoja na kopi ya kitambulisho au pasi yake. Kama jina la baba halipo kwenye cheti hiyo barua haikuhusu. Kama una amri ya mahakama ya malezi beba nakala. Weka vyote kwenye bahasha moja kwenye begi la mkononi, usiweke kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.

Na gari, mtoto chini ya miaka mitatu ni lazima awe na kiti chake, hiyo ni sheria. Unaweza kukodi pamoja na gari lakini waandikie mapema umri na uzito wa mtoto wakuthibitishie kwa maandishi, au beba chako, mashirika mengi ya ndege hawatozi kiti cha mtoto. Wangapi wana miaka chini ya mitatu?

Wanjiru_na_Watoto

Mmoja tu, ako na two and a half kama wako. Nabeba chetu.